Nyumba ya Matofali katika Nchi ya Shaba: Mpango wa Nyumba ya Bwana na Mji wa Kolwezi

Utangulizi

Historia ya shaba ya Katanga imekwisha kuandikwa kwa hesabu za tani, kwa urefu wa reli na kwa majina ya makampuni. Nyumba walimolala watu walioichimba shaba hiyo hazikupewa nafasi kubwa katika maandiko hayo. Aghalabu hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kisha mwandishi hurudi mgodini. Hata hivyo, nyumba nayo ni hati ya historia. Huonyesha nani alihesabiwa kuwa mkazi na nani alihesabiwa kuwa mpita njia. Nani aliingia kwa mlango wa mbele na nani kwa mlango wa nyuma. Na zaidi ya yote, nani alikuwa na haki ya kusema kwamba nyumba ile ni yake.

Makala hii inachunguza nyumba ya matofali katika eneo la shaba la Lualaba, hususan mjini Kolwezi. Hoja yake kuu ni kwamba Kolwezi ilipangwa kwa kanuni ile ile iliyotawala jumba la bwana wa shamba huko Ulaya, yaani mbele ya heshima na nyuma ya utumishi, isipokuwa kwamba mahali pa bwana palichukuliwa na kampuni. Kanuni hiyo ilikuwa na matokeo mawili. Kwanza, nyumba ilikuwa sehemu ya kazi, hivyo aliyeachishwa kazi alipoteza na dari lake. Pili, mji ulijengwa juu ya madini yenyewe, hivyo hata nyumba iliyonusurika mabadiliko ya kazi haikuwa salama mbele ya mgodi.

Jumba la bwana na sura yake

Ili kanuni hiyo ieleweke, inafaa kuanzia mahali ilipokamilika zaidi. Katika Uingereza ya zama za wafalme wanne walioitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830, matajiri wenye ardhi walijijengea majumba ya mashambani ambayo mengi yalikuwa ya matofali mekundu. Mtindo wake ulifuata mafundisho ya Andrea Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16. Mlango ulikaa katikati. Madirisha ya kupandisha na kuteremsha yalipangwa sawasawa kulia na kushoto. Ukumbi uligawa nyumba katika pande mbili zinazolingana. Mtu aliyesimama mbele ya jumba hilo aliona utulivu na mizani.

Nyuma ya mizani hiyo palikuwa na nyumba ya pili ndani ya ile ya kwanza. Watumishi walifanya kazi katika vyumba vya chini, walilala chini ya paa, na walipanda kwa ngazi za nyuma ili wageni wasiwaone. Gharama za baadhi ya majumba hayo zilitokana na sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Kwa hiyo ulinganifu wa uso wa nyumba haukuwa habari yote ya nyumba. Sanaa yake kubwa ilikuwa kupanga watu wengi mahali pamoja huku baadhi yao wasionekane.

Mfano wa karibu zaidi wa jumba la namna hiyo hauko Kongo bali ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia. Ni Shiwa Ng'andu, ambalo jina lake kwa Kibemba lina maana ya Ziwa la Mamba. Mjenzi wake, Stewart Gore-Browne, alikuwa afisa katika tume ya Waingereza na Wabelgiji iliyopima mpaka kati ya Rhodesia ya Kaskazini na Katanga kuanzia 1911 hadi 1914. Aliliona ziwa hilo mwaka 1914, akarudi mwaka 1920, na kwa muda wa miaka kama kumi akajenga jumba lenye mnara, maktaba na kanisa dogo. Mtindo wake hasa si wa zama za akina George. Umechanganya nyumba ya Kiingereza na ile ya Italia. Lakini kanuni ni ile ile. Matofali na vigae vilifinyangwa na kuchomwa papo hapo na wafanyakazi wa Kiafrika, na kuzunguka jumba palijengwa nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Gore-Browne alifariki mwaka 1967 na kuzikwa hapo hapo, juu ya ziwa.

Yafaa kukumbuka kwamba mtu huyo alishiriki kuchora mstari unaogawa nchi moja ya shaba katika mbili. Upande wake wa mstari, bwana alikuwa mtu mwenye jina na kaburi. Upande wa Katanga, bwana alikuwa shirika.

Udongo, tanuri na reli

Shirika hilo, Union Minière du Haut-Katanga, liliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911. Upande wa magharibi ulichelewa. Dhahabu ya Ruwe ilikuwa imechimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kilichofungua nchi hiyo ni reli ya Tenke hadi Dilolo, iliyokamilishwa mwaka 1931 na kuiunganisha Katanga na bandari ya Lobito. Mwaka 1937 Kolwezi ilianzishwa kuwa makao makuu ya migodi ya magharibi ya Union Minière.

Mji mpya ulihitaji matofali, na nchi ilikuwa na udongo wake tayari. Msafiri anayepita katika misitu ya miombo ya Katanga hukutana na vichuguu vikubwa mno; vingine hufikia urefu wa mita 8, na katika hekta moja huweza kuonekana vitatu hadi vitano. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini, na udongo huo hushikana vizuri kuliko ule wa juu, ambao mara nyingi una mchanga. Mafundi wa matofali waliujua ubora huo na wanaendelea kuutumia. Udongo wa kichuguu huvunjwa, hulowekwa, hukanyagwa na kutiwa katika kalibu ya mbao. Matofali mabichi huanikwa, kisha hupangwa kuwa tanuri lenye matundu ya kuni chini. Tanuri hukandikwa kwa udongo nje na moto hudumishwa kwa siku kadhaa. Kazi hiyo hufanyika hasa wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua huyayusha tofali bichi likarudi kuwa tope.

Kwa maana hiyo, nyumba ya Kolwezi, hata ile ya mkurugenzi, ilitoka katika ardhi ile ile iliyotoa shaba. Saruji ilipatikana Lubudi, mabati yaliletwa kwa reli, lakini mwili wa nyumba ulikuwa kichuguu kilichopikwa.

Sababu ya kampuni kuingia katika ujenzi wa kudumu haikuwa huruma tu. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi walikaa katika vibanda vya miti, udongo na majani, na magonjwa yaliwaua wengi. Mwaka 1923 madaktari Pearson na Mouchet, waliofanya kazi katika migodi ya Katanga, walichapisha kitabu kizima kuhusu usafi wa kambi za wafanyakazi Waafrika. Afya ya mfanyakazi ilikuwa imekuwa hesabu ya kampuni. Kisha, kuanzia 1928 hivi, Union Minière ilifuata siasa ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: mkataba wa miaka mitatu badala ya miezi michache, na ruhusa, hata himizo, la kuja na mke na watoto. Mtu wa miezi sita aliweza kulazwa kibandani. Mtu wa miaka mitatu mwenye mke alihitaji nyumba. Tofali lililochomwa lilikuwa chombo cha siasa hiyo.

Jumba lililotandazwa kuwa mji

Mpango wa Kolwezi ulifuata desturi iliyokwisha kuwekwa Elisabethville katika miaka ya 1920, ambako ukanda wa ardhi tupu ulitenganisha mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu: mbu aliyebeba malaria asiweze kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Lakini mbu hakuzuiliwa kuja na mpishi wala yaya, waliovuka ukanda huo kila asubuhi.

Kolwezi nayo iligawanyika hivyo. Upande mmoja palikuwa na njia pana zilizopandwa miti, na kando yake nyumba za maofisa, kila moja katikati ya bustani yake. Upande mwingine palikuwa na makazi ya Waafrika, ambayo jina la Manika limebaki kuwa maarufu kati yake, pamoja na kambi zilizojengwa karibu na kila mgodi na kila kiwanda, kama Musonoi na Luilu. Katika kambi hizo nyumba zilipangwa kwa mistari, zikifanana ukubwa na umbo, na hadhi ya mtu kazini ilisomeka katika idadi ya vyumba alivyopewa.

Ukiulinganisha mpango huo na jumba la Kiingereza, ufanano unajitokeza bila kulazimishwa. Bustani na njia zenye miti ni uso wa nyumba. Kambi ni vyumba vya chini. Ukanda mtupu ni ngazi za nyuma, yaani njia inayowapitisha watumishi bila kuwachanganya na wenyeji. Kilichokuwa jengo moja kilitandazwa juu ya kilomita kadhaa.

Hata ndani ya kiwanja cha ofisa mmoja mpango huo ulirudiwa kwa udogo wake. Nyumba kubwa ilitazama barabara kwa baraza pana la kukinga jua na mvua. Nyuma kabisa ya kiwanja, mbali na macho ya mgeni, palikuwa na chumba cha mtumishi, cha tofali lile lile lakini chenye dirisha dogo.

Ushahidi wa maneno

Lugha imehifadhi mpango huo vizuri kuliko ramani. Katika Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo, kibaraza cha mbele ya nyumba kiliitwa barza. Neno hilo ni baraza la Kiswahili. Lilifika bara pamoja na misafara ya Waungwana katika karne ya 19, likiwa jina la mahali pa kupokelea wageni na kusemea maneno ya watu. Wazungu walilichukua pamoja na kitu chenyewe, wakaliweka mbele ya nyumba zao.

Chumba cha nyuma, kwa upande wake, kiliitwa boyerie kwa Kifaransa hicho hicho, na boyeri katika vinywa vya Waswahili wa Katanga. Shina lake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mvulana, ambalo lilipanda kutoka kusini pamoja na reli na kumshukia mtu mzima mwenye watoto. Kifaransa kikaliongezea mkia wa mahali. Hivyo basi, mbele ya nyumba ya Mzungu palikuwa na jina la Kiafrika, na nyumba ya Mwafrika huko nyuma ilikuwa na jina la Kizungu. Kila upande ulipewa neno na upande wa pili, lakini biashara hiyo haikuwa ya haki: mmoja alitoa jina la heshima, mwingine akatoa jina la udogo.

Neno kambi nalo lina mafunzo yake. Katika Kiswahili cha pwani, kambi ni kituo cha watu walio safarini au vitani, mahali pa kuvunjwa kesho. Katanga, kambi ilikuwa safu za nyumba za tofali na saruji ambamo watu walizaliwa, waliolewa na kuzeeka. Jina lilidumu kumkumbusha mkazi kwamba, hata baada ya miaka thelathini, machoni pa mwenye nyumba yeye yu msafiri.

Kiswahili chenyewe, kwa namna kinavyosemwa Katanga, kilikua kati ya safu hizo. Wafanyakazi walitoka Kasai, Lomami, nchi za Waluba na Walunda, Rhodesia, na kwa muda hata Ruanda-Urundi. Majirani wa ukuta kwa ukuta hawakuwa na lugha moja ya mama, nayo kampuni ilikipendelea Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Watoto waliocheza mbele ya nyumba zinazofanana walikifanya kuwa lugha ya nyumbani.

Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Andiko hilo, ambalo Johannes Fabian alilichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, ni miongoni mwa maandiko machache ambamo nyumba ya Mzungu inasimuliwa kutoka jikoni. Thamani yake kwa mwanahistoria wa majengo bado haijatumiwa inavyostahili.

Ndani ya nyumba ya mfanyakazi

Isidhaniwe kwamba mfanyakazi aliipokea nyumba ya kampuni kama mfungwa anavyopokea chumba. Kampuni ilitoa kuta, posho, zahanati na shule. Ilituma pia wakaguzi na walimu wa kike wa kufundisha usafi na malezi. Wakazi wenyewe walitoa yaliyobaki. Walipanda miembe na miparachichi, walijenga jiko la nje, waliongeza kibanda cha wageni wa ukoo. Chumba cha mbele kiliwekewa viti na meza, na hivyo nyumba ya chini nayo ikajipatia uso wake.

Katika miaka ya 1970 ukuta wa chumba hicho mara nyingi ulipambwa kwa picha zilizochorwa na mafundi wa mjini na kuuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi aliimudu. Picha za viboko vya enzi ya Wabelgiji, za kiwanda na moshi wake, au za kijiji cha mababu, zilihesabiwa kuwa ukumbusho. Ni katika nchi hii ya shaba ambako mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alikutana na Fabian, na mnamo 1973 na 1974 akachora historia nzima ya Zaire katika picha zinazofuatana. Kwa hiyo nyumba ya kampuni ilibeba ukutani kumbukumbu ambazo kampuni haikuziagiza.

Nyumba isiyo na mwenyewe

Baada ya uhuru wa 1960, na baada ya kujitenga kwa Katanga kulikomalizika mapema 1963, mpango wa mji haukubadilika sana. Union Minière ilitaifishwa na kuanzia 1967 mahali pake palichukuliwa na shirika la dola ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Makada wa Kikongo waliingia katika nyumba zenye baraza. Boyeri zilibaki, na watumishi pia. Vita vya Mei 1978, vilivyoanza Kolwezi tarehe 13 na kuwaua Wazungu zaidi ya mia moja na Waafrika mamia kadhaa, viliwaondoa Wazungu wengi waliokuwa wamebaki. Wenye nyumba walibadilika, lakini mlango wa mbele na wa nyuma ilibaki pale pale.

Pigo la kwanza kwa nyumba ya mfanyakazi lilikuja katika miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa Gécamines, uliokuwa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986, ulianguka chini ya tani 40,000 mwaka 1994. Katika 1992 na 1993, wakati siasa za mkoa zilipogeuka kuwa chuki, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa watu walioletwa na kampuni yenyewe. Walizaliwa katika nyumba za kambi, wakaziacha kwa siku chache, wakasubiri garimoshi kwenye stesheni katika hali ya taabu na vifo. Hapo maana ya kale ya neno kambi ilijidhihirisha kwa ukatili.

Pigo la pili lilikuwa la polepole. Mishahara ilikoma kulipwa kwa miezi na miaka, na kuanzia 2003, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa malipo ya mkupuo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita, katika jina la kitabu chake cha 2001, wana Shaba walioachwa na baba yao. Tamathali hiyo ni ya wafanyakazi wenyewe, waliozoea kuiona kampuni kama mzazi. Mzazi alipoondoka, nyumba ilibaki bila fundi wa kuikarabati.

Pigo la tatu limetoka ardhini. Bei ya kobalti ilipopanda, thamani ya udongo ulio chini ya nyumba ilipita thamani ya nyumba. Katika mtaa wa Kasulo, tangu 2014, wakazi walichimba visima vya madini ndani ya viwanja vyao, na wengine ndani ya vyumba vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta kuwa eneo la uchimbaji, na mamia ya kaya zilihamishwa. Baadaye zamu ikafika Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, ambako nyumba zilibomolewa ili kupanua mgodi wa COMMUS. Ripoti ya Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH, iliyotolewa Septemba 2023, ilikusanya malalamiko ya wakazi kwamba fidia waliyopewa haikutosha kupata nyumba ya hali ile ile mahali pengine. Nyumba walizozipoteza zilikuwa na vyumba kadhaa, maji na umeme. Baadhi yao walijikuta pembezoni mwa mji, wakianza upya bila vitu hivyo.

Hitimisho

Jumba la Kiingereza la karne ya 18 limesimama hadi leo kwa sababu bwana wake alimiliki vitu vitatu kwa pamoja: kuta, ardhi na jina. Huko Kolwezi mkazi hakuwahi kuvishika vyote vitatu. Kuta zilikuwa za kampuni, ardhi ilikuwa ya dola na ya mwenye kibali cha kuchimba, na jina lenyewe lilikuwa la kambi. Ndiyo maana nyumba imara za tofali, ambazo hazikutikiswa na mvua za miaka themanini, huanguka kwa barua moja.

Tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, na majengo mapya yanainuka kila upande. Jambo la kusikitisha ni kwamba nyumba za kale hubomolewa kabla hazijapimwa wala kuchorwa. Mkoa huu una shule za juu na wanafunzi ambao wengi wao ni wajukuu wa kambi hizo. Utepe wa kupimia, karatasi za kuchorea na kinasa sauti vingetosha kuanza kazi mbili kwa wakati mmoja: kurekodi umbo la kila aina ya nyumba katika mitaa iliyobaki, na kukusanya maneno ya Kiswahili ambayo wazee huyatumia kuziita sehemu zake, kuanzia barza hadi boyeri. Wazee hao ndio wanaojua chumba gani kiliongezwa mwaka gani, mwembe ulipandwa na nani, na ukuta upi ulikuwa na picha. Nyumba ikiisha kubomolewa, tofali zake huchukuliwa na kujengewa kwingine; ujuzi wa wazee hao hauna pa kuhamishiwa usipoandikwa.